Je, Uhaba wa Madini Utazuia Muungano Baridi wa Atomu?

Wasomaji wenzangu, katika majadiliano yetu ya sayansi swali hili hurudi mara kwa mara: kama siku moja wataalamu wakifaulu kupata nguvu za atomu bila ya tanuri kubwa, nguvu zitokazo katika chupa ya maji na kipande cha madini, je, madini hayo yatawatosha watu wote? Au yatakuwa tena mali ya wachache? Swali ni zuri, nalo lafaa kujibiwa kwa hesabu, wala si kwa kelele. Nimejaribu kulijibu hapa kwa hesabu ambazo kila mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuzifuata akiwa na kalamu na karatasi.

Pengine mtu atasema kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali, hayatuhusu. Hasha, yatuhusu sana. Aingiaye Lilongwe asubuhi na mapema huona baiskeli zilizobebeshwa magunia ya mkaa hata mwendeshaji haonekani. Kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994, sasa ina watu zaidi ya 50,000, na kila jioni kila nyumba haina budi kuinjika chungu. Kuni zatoka wapi? Zatoka katika miti ya Dowa, nayo haioti upesi kama inavyokatwa. Basi habari ya moto usiotaka kuni ni habari njema kwetu kuliko kwa mtu aliyezaliwa penye umeme.

Tena liko jambo la pili. Wengi wetu tusomao kurasa hizi za Kiswahili twatoka Kongo au Burundi, nchi zenye madini mengi. Twajua kwamba madini yakitakiwa sana na ulimwengu, wenyeji wa mahali yanapochimbwa hawapati faida tu; mara nyingine hupata vita na kuhama. Kwa hiyo mtu wa Kivu akisikia kwamba madini fulani yatawasha taa za dunia nzima, hafurahi mara moja, bali huuliza kwanza: ni madini gani, nayo yako chini ya shamba la nani?

Sasa tuanze na jambo lenyewe. Kila atomu ina kiini katikati yake. Viini vya atomu nyepesi vikiunganishwa, hutoa nguvu nyingi mno. Jua letu huwaka kwa njia hiyo: viini vya haidrojeni huungana vikawa heliamu. Lakini viini havipendani. Vyote vina umeme wa namna moja, navyo husukumana kama ncha mbili za sumaku zilizo sawa. Ili viungane havina budi kugongana kwa mwendo mkubwa sana, na katika mitambo ya hapa duniani mwendo huo hupatikana penye joto la digrii zaidi ya milioni 100. Ndiyo sababu nchi nyingi zimeshirikiana kujenga mtambo mkubwa uitwao ITER huko Cadarache, Ufaransa, na kazi hiyo imechukua miaka mingi na fedha nyingi. Huo ndio muungano wa moto. Muungano baridi ni ile dhana kwamba viini vyaweza kuungana katika joto la kawaida, ndani ya madini, bila ya tanuri.

Kitu kinachounganishwa huitwa deuteriamu, nayo ni ndugu mzito wa haidrojeni. Deuteriamu imo katika maji yote, maji ya bahari, ya ziwa na ya kisima. Katika kila atomu 6,400 hivi za haidrojeni zilizomo majini, moja ni deuteriamu. Ndoo ya lita 20 ina deuteriamu isiyofika gramu moja. Ni kiasi cha theluthi mbili za gramu. Lakini kiasi hicho kidogo kikiungana chote, kingetoa joto kupita lita 1,500 za petroli. Sasa tazama Ziwa Malawi, lenye maji zaidi ya kilomita 7,000 za ujazo. Hata tungechota mchana na usiku tusingeweza kuimaliza deuteriamu iliyomo. Ni kweli kuitenga na maji ni kazi yenye gharama, lakini haiwezi kuitwa adimu. Basi kwa upande wa kuni za moto huu, hakuna upungufu.

Upungufu, kama upo, uko kwenye jiko. Nasema jiko kwa sababu ndivyo madini yanavyotumika katika jambo hili, na ni lazima tulielewe vizuri. Fikiri juu ya jiko la mkaa. Mkaa huliwa na moto, kesho huna budi kununua mwingine; lakini jiko lenyewe hubaki, likatumika tena na tena mpaka lichakae. Katika muungano baridi deuteriamu ni mkaa, na madini ni jiko. Madini hayaliwi; hukaa yakiishika deuteriamu ndani yake. Hapo ndipo yanapotofautiana na uraniamu. Uraniamu ya Shinkolobwe huko Katanga, iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu ya mwaka 1945, na uraniamu ya Kayelekera hapa Malawi, wilaya ya Karonga, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2009, ukasimama mwaka 2014 na kuanza tena mwaka 2025, ni madini yaliwayo. Ukiyatumia yamekwisha kazi, sharti uchimbe mengine.

Jiko lililochaguliwa tangu mwanzo ni madini yaitwayo paladiamu, yenye rangi ya fedha, ndugu wa platinamu. Mwaka 1866 mtaalamu wa kemia Thomas Graham aliona kwamba paladiamu hunywa haidrojeni kama sifongo inywavyo maji. Kipande kimoja chaweza kumeza hewa ya haidrojeni mara 900 ya ukubwa wake chenyewe. Watu wakafikiri: ikiwa atomu nyingi hivyo zasongamana mahali padogo, je, haziwezi kugusana na kuungana? Mwaka 1926 Friedrich Paneth na Kurt Peters walitangaza huko Berlin kwamba wamepata heliamu kwa njia hiyo. Lakini mabwana hao walichunguza tena, wakatambua kwamba heliamu yao ilitoka katika vyombo na katika hewa, nao wakayafuta maneno yao mwaka uliofuata.

Habari ikalala miaka mingi. Ndipo tarehe 23 Machi 1989, katika mji wa Salt Lake City huko Marekani, Bwana Martin Fleischmann wa Chuo Kikuu cha Southampton na Bwana Stanley Pons wa Chuo Kikuu cha Utah waliwaita waandishi wa magazeti. Walisema wamepitisha umeme katika maji mazito, yaani maji yaliyojaa deuteriamu, kwa kutumia fimbo ya paladiamu na waya wa platinamu, wakapata joto kuliko umeme walioutia. Dunia nzima ilisisimka. Bei ya paladiamu ikapanda sokoni. Jimbo la Utah likatenga dola milioni 5 kwa ajili ya kazi hiyo, na chuo maalumu kikafunguliwa.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Maabara kubwa za Marekani na ile ya Harwell, Uingereza, zilijaribu zisione joto hilo wala alama zake. Maana muungano wa deuteriamu una alama zake: hutupa nje vipande vidogo viitwavyo nyutroni. Kama wati 1 tu ya joto ingetoka kwa muungano wa kawaida, nyutroni mamia ya bilioni zingeruka kila sekunde, na waliosimama karibu na chombo wangeugua na kufa. Mabwana wale walikuwa wazima. Mwezi wa Novemba 1989 kamati iliyowekwa na Wizara ya Nishati ya Marekani ilisema kwamba haikuona ushahidi wa kutosha. Mwaka 1991 chuo kile cha Utah kilifungwa. Wajapani hawakukata tamaa upesi. Fedha za jamaa za Toyota ziliwajengea Fleischmann na Pons maabara huko Ufaransa, nayo ikafungwa mwaka 1998. Tangu mwaka 2015 kampuni ya Google iliwalipa wataalamu kama 30 wajaribu upya kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 2019 waliandika katika jarida la Nature kwamba hawakuona muungano baridi.

Hata hivyo paladiamu haikutupwa kabisa. Mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliandika katika jarida hilo hilo kwamba wameirushia paladiamu deuteriamu kwa mashine, na huku wameijaza deuteriamu nyingine kwa umeme. Muungano ukaongezeka kwa asilimia 15 hivi. Lakini huo haukuwa muungano baridi wa mwaka 1989, na umeme walioutumia ulizidi mno nguvu walizozipata. Ni hatua ya elimu, si jiko la kupikia.

Sasa tufanye kama watu wa hesabu wafanyavyo: tukubali kwa muda kwamba Fleischmann na Pons walisema kweli, tuone kama madini yangetosha. Wao waliandika kwamba joto lilizidi wati 10 katika kila sentimita moja ya ujazo ya paladiamu. Sentimita moja ya ujazo ya paladiamu ina uzito wa gramu 12. Kwa kurahisisha hesabu, na kwa kuwapendelea kidogo, tuseme gramu 1 hutoa wati 1.

Kwanza tupime chungu kimoja. Kupika nsima, yaani ugali, kwahitaji joto la wati 1,000 hivi. Basi nyumba moja ingetaka kilo 1 ya paladiamu chini ya chungu chake. Bei ya kilo moja katika miaka hii ni makumi ya maelfu ya dola. Jiko la namna hiyo lingelala Dzaleka usiku mmoja tu. Wa pili lisingekuwapo. Wako wanaosema kwamba paladiamu imo hata katika magari ya mitumba yapitayo Mponela kila siku, nao wasema kweli, maana imo katika chombo cha kusafishia moshi chini ya gari. Lakini ndani yake mna gramu chache tu. Gramu 5 zingetoa wati 5 za joto, ambazo hazichemshi hata kikombe cha chai.

Pili tupime dunia. Migodi yote ya ulimwengu hutoa tani 200 hivi za paladiamu kwa mwaka, sehemu kubwa kutoka Urusi na Afrika Kusini, na kiasi kutoka kwa majirani zetu wa Zimbabwe. Tani 200 ni gramu milioni 200, nazo zingetoa wati milioni 200, yaani megawati 200 za joto. Joto likigeuzwa kuwa umeme, theluthi moja hivi ndiyo hupatikana, basi tungepata megawati 67. Sasa linganisha: mtambo wa nguvu za jua wa Salima, uliofunguliwa mwaka 2021, hutoa megawati 60 jua likiwa kali. Yaani paladiamu yote iliyochimbwa duniani mwaka mzima, bila kumwachia fundi wa magari hata gramu, ingetupatia kitu kama mtambo wa Salima ufanyao kazi mchana na usiku. Si haba, lakini si ukombozi wa ulimwengu.

Tatu, umeme wote unaotumiwa duniani ni wastani wa megawati milioni 3.4. Kwa kuwa joto huzaa theluthi tu ya umeme, tungehitaji joto la megawati milioni 10. Kwa wati 1 kwa gramu, hiyo ni paladiamu tani milioni 10. Je, ipo? Idara ya miamba na madini ya Marekani hukadiria kwamba platinamu, paladiamu na ndugu zao wote waliolala ardhini, kwa jumla, ni tani 100,000 na zaidi kidogo. Tungehitaji mara 100 ya hazina hiyo yote. Basi kwa hesabu hii jibu ni wazi: kama jiko ni la paladiamu, na joto lake ni hilo la mwaka 1989, uhaba wa madini ungezuia kabisa.

Lakini mwenye busara hatakomea hapo. Atapinga kwa njia tatu, na kila moja yastahili kusikilizwa.

Atasema kwanza: madini hayaliwi, basi twaweza kuyalimbikiza mwaka baada ya mwaka, na jiko lililochakaa likayeyushwa upya. Ni kweli. Tuseme basi zimechimbwa tani zote 100,000 na kwamba zote ni paladiamu. Zingetoa umeme wa megawati 33,000 hivi, yaani asilimia 1 ya umeme wa dunia. Mitambo yote ya umeme ya Malawi pamoja haifiki megawati 1,000. Kwa hiyo asilimia hiyo moja ingetosha nchi kama yetu zaidi ya mara 30! Hapo mtu hufurahi. Lakini soko halimpi kitu mwenye shida kuliko wengine. Humpa mwenye fedha kuliko wengine. Kitu kikiwa adimu hakifiki Dowa kwanza. Uhaba si hesabu ya tani tu, ni hesabu ya nani anatangulia kwenye foleni.

Atasema pili: huenda joto likaongezwa. Ikiwa gramu 1 itatoa wati 1,000 badala ya wati 1, tani milioni 10 zitapungua kuwa tani 10,000, ambazo ni kazi ya migodi ya sasa kwa miaka 50. Tena paladiamu yaweza kupakwa nyembamba juu ya madini ya bei rahisi, kama fundi apakavyo dhahabu juu ya shaba. Hapo uhaba hupungua nguvu. Twaona basi kwamba swali la kweli si "Kuna tani ngapi?" bali ni "Gramu moja hufanya kazi gani?" Tani bila ya kujua wati ni hesabu ya upande mmoja.

Atasema tatu: jiko si lazima liwe la paladiamu. Jambo hili latugusa sisi hasa. Mwaka 1994 mabwana Focardi, Habel na Piantelli wa Italia walidai kupata joto kwa nikeli na haidrojeni ya kawaida. Nikeli si adimu. Migodi ya dunia hutoa zaidi ya tani milioni 3 kila mwaka, na hazina zake kubwa ziko Kabanga, wilaya ya Ngara nchini Tanzania, na Musongati nchini Burundi. Kama nikeli ingetoa wati 1 kwa gramu, tani milioni 10 ni kazi ya miaka mitatu tu. Lakini wataalamu wa CERN, karibu na Geneva, walijaribu jambo hilo, na mwaka 1996 wakaandika kwamba hawakuona joto la ziada.

Na Aprili 1989 Bwana Francesco Scaramuzzi na wenzake wa maabara ya Frascati, karibu na Roma, walitumia titani na hewa ya deuteriamu. Wao hawakudai joto la kupikia, walidai nyutroni tu, na wengine hawakuweza kuzipata kwa uhakika. Lakini titani hunywa haidrojeni vizuri, nayo ni ya tisa kwa wingi katika ganda lote la dunia. Nanyi mwajua iko wapi? Katika mchanga wa Kasiya, hapa karibu na Lilongwe. Mwaka 2023 kampuni ya Sovereign Metals ilitangaza kwamba Kasiya kuna udongo wa tani bilioni 1.8 wenye asilimia 1 ya rutaili, ambayo ni jiwe la titani. Hiyo ni rutaili ya tani milioni 18 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni titani. Pigeni hesabu wenyewe: ni tani milioni 10. Ndiyo hesabu ile ile ya jiko la kuwashia taa za dunia nzima kwa wati 1 kwa gramu, nayo imelala chini ya mashamba ya mahindi na karanga ya Malawi ya kati.

Wasomaji wenzangu, msianze kuuza ng'ombe mnunue mashamba ya Kasiya. Nimeitaja hesabu hii kuonyesha jambo moja. Tukitafuta jiko, majiko yapo ya kutosha duniani. Paladiamu ni adimu, nikeli si adimu, titani ni nyingi. Kilichokosekana si jiko. Kilichokosekana ni moto. Hakuna jiko hata moja kati ya hayo, la paladiamu, la nikeli wala la titani, lililowaka mbele ya mashahidi kwa namna ambayo mtu mwingine, mahali pengine, aweza kuliwasha tena akitaka. Kubishana kama majiko yatatosha kabla ya moto kuonekana ni kama kugombania urithi wa mtu ambaye bado hajazaliwa.

Kwa hiyo jibu langu lina ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni moto: je, upo? Mpaka leo haujathibitishwa, na mpaka uthibitishwe uhaba wa madini hauzuii kitu, kwa kuwa hakuna cha kuzuia. Ngazi ya pili ni jiko: kama moto ungethibitishwa katika paladiamu peke yake na kwa joto dogo, uhaba ungekuwa ukuta mrefu, na maskini wangebaki nje yake. Kama ungethibitishwa katika nikeli au titani, madini yangetosha, na swali lingegeuka kuwa la haki: nani ana ardhi, nani anachimba, na nani anapata umeme.

Mtu ataniuliza, basi hesabu hizi zina faida gani kwa kijana wa Mponela au wa Dzaleka? Zina faida kubwa, maana uvumi wa madini hautatoka kwetu. Katika nchi za kusini mwa Afrika watu wameuziana kwa miaka mingi kitu kiitwacho zebaki nyekundu, ati kina nguvu za ajabu na bei isiyosemeka. Kitu hicho hakipo. Waliotoa fedha zao walipata chupa na maneno. Basi kila usikiapo habari ya madini ya ajabu, uliza maswali matatu. Kwanza, je, yuko mtu mwingine, asiye na faida katika biashara hiyo, aliyejaribu akaona vile vile? Pili, madini hayo huliwa kama uraniamu, au hukaa kama jiko? Tatu, gramu ngapi zahitajika kwa chungu kimoja, na zagharimu nini? Akishindwa kujibu la kwanza, hakuna haja ya kumsikiliza katika la pili.

Na kwa sasa, nyumba zetu zapika kwa kuni na mkaa. Moto tulio nao hakika ni ule wa jua la Salima, wa maji ya mto Shire, na wa majiko yatumiayo kuni chache. Si moto wa ajabu, lakini huwaka, na kila mtu aweza kuujaribu. Tusiache kupanda miti kwa kungojea chupa ya Salt Lake City. Wala tusiwacheke wanaoendelea kuchunguza, maana Paneth na Peters walipata heshima, si kwa kudai kwao, bali kwa kurudia kazi yao na kusema kweli. Elimu husonga mbele kwa watu wa namna hiyo.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na amletee mhariri, lakini alete na hesabu yake.